Mlango wa Nyuma wa Nyumba ya Matete

Nyumbani, 9 Februari

Dada yangu,

Salamu kutoka kwa wote waliobaki, wenye miguu miwili na wenye minne. Mama ni mzima ukiacha magoti, ambayo siku hizi yanatabiri mvua kuliko redio. Mbuzi amezaa. Mimi nimenenepa kidogo, na wasichana wa kisimani wananitazama sana, ingawa Mama anasema wanatazama shati langu lilivyochanika mgongoni. Simu ya posta bado imekufa, kwa hiyo vumilia mwandiko. Unakumbuka niliacha shule darasa la sita, baada ya walimu kuishiwa na vya kunifundisha.

Habari kubwa ni kwamba nimepanda cheo. Shule ya watoto ya Mama sasa ina idara, na mimi ndiye Mkuu wa Idara ya Matope na Maji. Asubuhi nachota maji, nayamwaga kwenye udongo mwekundu nyuma ya zizi, halafu nakaa kuangalia kwamba hakuna anayekula anachopika. Shule nyingine watoto wanakunja mikono na kuimba herufi. Hapa wanachimba, wanapanda, wanafuata siafu mpaka kwao. Mama anakaa kwenye benchi lake na kutazama tu. Juzi mwenye duka alikuja amefura, mwanawe amerudi nyumbani na chura mfukoni, na chura akarukia gunia la sukari. Mama akamwuliza, huyo mtoto alikuwa amemshikaje chura. Mwenye duka akawaza, akasema kwa mikono miwili, taratibu. Mama akasema basi mwezi huu amejifunza kitu. Mtu akaondoka hana pa kushika.

Mwanao Chiriku bado anaongea mpaka kuku wanakimbia. Viatu ulivyotuma vimefika, vyekundu, vina kifungo, vizuri kabisa. Haviingii. Vidole vilikwama mlangoni. Amejaza udongo akapanda maharage ndani yake. Usinune, cha kushoto kimeshaota.

Wanapenda kucheza nyumba, na wote wanagombania kuwa mama. Chiriku akishinda, hapiki. Anachukua kikapu, anakwenda mpaka kwenye ua, anasimama ametupa mgongo. Wenzake wanapika, wanakula, wanalala, wanaamka, yeye amesimama. Nikamwuliza, wewe ni mama gani usiyefanya chochote? Akasema, "Mama yuko kazini."

Nilicheka sana. Halafu nikaenda kuchota maji, ingawa mapipa yalikuwa yamejaa.

Mdogo wako,
Profesa

Nilitaka kusahau: huyo mtoto wa tajiri wako unayemlea, anakuitaje?


Kazini, 2 Machi

Mdogo wangu,

Nimefurahi mko wazima. Mimi nipo. Chumba changu kiko nyuma ya jiko, kina joto zuri wakati wa baridi na joto baya wakati wa joto. Asubuhi nafua, mchana napiga pasi, na jioni nakaa na mtoto wa hapa. Mpe Mama pole ya magoti na umwambie asichuchumae.

Wewe umekuwa mtu mzima na bado unajisifia matope. Mtu akiniuliza ndugu yangu anafanya kazi gani, niseme nini?

Nina neno moja kwa Mama, umfikishie kwa adabu, si kwa lugha yako. Mtoto wa hapa ni mdogo kuliko Chiriku na anajua herufi zote. Nakaa naye kila jioni na vile vikadi vyenye picha, anasoma jina lake na la baba yake. Chiriku mwakani anaingia darasa la kwanza. Atakaa na wenzake wanaojua kuandika, yeye anajua vyura? Mama alitufundisha sisi herufi kwa fimbo, nashangaa imekuwaje wajukuu wanafundishwa na siafu.

Viatu nilinunua kwa kukumbuka mguu ulivyokuwa. Nitumie kipimo.

Habari ya kikapu nimeisoma. Tuyaache hayo.

Dada yako


Nyumbani, 21 Machi

Dada mwenye herufi zote,

Pokea salamu za Mama, za mbuzi na mtoto wake, na za jirani seremala ambaye bado anauliza habari zako huku anajifanya anatafuta msumari. Mvua imeanza. Idara yangu inafanya kazi usiku na mchana.

Nilimsomea Mama barua yako yote, hata pale pa fimbo. Aliniambia nisome tena. Halafu akasema nikuandikie kwamba ndiyo, sisi alitufundisha kwa fimbo, na matokeo yake mmoja yuko mbali na mwingine ni mimi. Herufi hazina miguu, anasema, zitamkuta Chiriku pale pale. Mwanao anajua jiwe lipi la mtoni linateleza na lipi halitelezi, anawaonyesha wenzake wadogo wapite wapi. Anapima mche wake kwa uzi na kufunga fundo kila wiki. Hakuna aliyemwambia. Mimi kwa umri wake nilikuwa najua kulia tu, na nililia vizuri.

Sasa sikia. Watoto wamejenga nyumba. Mimi nilikata matete ng'ambo ya mto, wao wakajenga, Mama hakugusa hata kamba. Ina mlango wa mbele unaotazama barabara na wa nyuma unaotazama mtoni. Ukiingia lazima uiname, hata mimi mwenye maringo nainama.

Ndani yake Chiriku ametunga mchezo wa mgeni. Mgeni anabisha hodi mbele, anakalishwa kwenye gogo, anapewa chai ya matope kwenye kifuniko cha kopo, anaulizwa njia ilikuwaje. Halafu Chiriku anasema, "Mgeni, safari njema," na mgeni lazima atoke hata kama chai bado. Unajua sheria ya Mama: mkubwa akipewa kazi kwenye mchezo wa watoto anaifanya, hasahihishi, haulizi, hacheki. Muuguzi wa zahanati alikuja kupima uzito akafukuzwa kabla hajafungua mfuko wake.

Mchezo hauishii hapo. Una mwisho, na mwisho wenyewe ndio utamu wake, lakini sikuandikii. Ukiandikiwa kila kitu hutakuja. Njoo uuone.

Tangu mchezo huu uanze, hakuna tena mtu anayesimama kwenye ua. Kikapu siku hizi kinabeba udongo.

Profesa


Kazini, 14 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu kwa Mama. Hapa wanafunga vitu kwenye makasha, kwa hiyo kazi imezidi na mgongo unaniuma. Seremala mwambie misumari inauzwa dukani.

Haya nakuandikia wewe peke yako. Tajiri wangu amepata kazi nchi ya mbali, wanahama wote mwanzo wa Julai. Wanataka niende nao. Wameniuliza mara mbili, na mara ya pili mama mwenye nyumba alinishika mkono. Nimewaomba siku chache nije nyumbani kwanza, wamekubali.

Sina ninachokuja kufanya zaidi ya kumwona mtoto. Nikishamwona nitajua la kuwajibu. Nitakuja mapema Mei. Usimwambie Mama sababu, na Chiriku usimwambie kabisa, nisije nikachelewa akasubiri.

Nimejaribu kukumbuka sauti yake nikashindwa. Ulipoandika anaongea mpaka kuku wanakimbia, nilisoma mara nyingi.

Dada yako


Nyumbani, 16 Mei

Dada,

Mama mzima. Mbuzi mzima. Mimi mzima. Chiriku mzima.

Nilikuwa ng'ambo ya mto nakata matete. Kurudi naambiwa ulikuja na umeshaondoka. Nilikimbia mpaka kituoni, na unajua mimi nikikimbia hakuna wa kunishika, lakini nilikuta vumbi na kondakta wa basi la pili anayekula ndizi.

Unajua ulichofanya. Sitakukumbusha.

Mdogo wako


Kazini, 30 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini Mama hajambo. Mimi sina la kuumwa.

Unasema najua nilichofanya. Sijui. Labda wewe hukuambiwa ilivyokuwa, nikueleze.

Nilishuka basi asubuhi nikaenda moja kwa moja uwanjani. Nilibisha hodi kwenye ile nyumba yenu ya matete. Chiriku akatoka. Alinitazama viatu kwanza, halafu akapanda taratibu mpaka usoni. Nilichuchumaa nimshike. Akasema, "Karibu, mgeni."

Mama alikuwa kwenye benchi, mkono mdomoni. Nilimtazama aniokoe, hakusema kitu. Basi nikakumbuka ulivyoniandikia, kwamba mkubwa akipewa kazi anaifanya. Nikaifanya. Niliinama nikaingia, nikakaa kwenye gogo, nikanywa matope, kweli niliyanywa. Akaniuliza njia ilikuwaje, nikasema ndefu. Alinikalia karibu sana, nikasikia harufu ya nywele zake, udongo na moshi. Alinishika kidole kimoja kama mtu anayepima kitu. Halafu akasema, "Mgeni, safari njema."

Nilitoka. Mama akainamisha macho. Nikaona wote mmeshakubaliana, na yeye mtoto ndiye aliyepewa kulisema. Mkoba wangu ulikuwa bado mlangoni, sijaufungua. Nilikuwa nimebeba nguo za kulalia.

Uliniambia mchezo una mwisho, na ndio utamu wake. Nimeuona mwisho wake.

Sikulaumu wewe wala Mama. Mtoto ana kwao, ananenepa, anacheka na wenzake, ana nyumba. Nimewajibu ndiyo. Tunaondoka mwanzo wa Julai, mkataba ni wa miaka miwili na kule hawatoi likizo. Kama kuna la kuniambia, niandikie kabla.

Dada yako


Nyumbani, 4 Julai

Dada, dada yangu,

Salamu leo nazifupisha. Mto ulichukua daraja mwanzoni mwa Juni na mifuko ya barua imelala upande wa pili mpaka jana. Barua yako nimeipata leo asubuhi. Naandika nimesimama.

Mchezo hauishi pale. Mgeni akiambiwa safari njema, anatoka mbele, anazunguka ua kwa nje, anapita njia ya mtoni, anaingia kwa mlango wa nyuma bila hodi. Wenyeji hawabishi hodi. Ukishaingia kwa nyuma wewe si mgeni tena, unapewa ufagio, unapewa mtoto umbebe, unakuwa wa nyumbani mpaka jioni. Ndiyo maana wanakufukuza upesi. Yule muuguzi alipozunguka alibebeshwa watoto wawili na akafagia kwa sare yake nyeupe.

Chiriku aliutunga kwa ajili ya yule mama aliyekuwa anasimama kwenye ua na kikapu. Aliona hana pa kuingilia.

Mimi nilidhani Mama amekwambia. Mama alidhani nimekuandikia, kwa sababu ninavyopenda kujisifu haikumwingia akilini kwamba kuna kitu nimekibana. Alinyamaza kwa sababu ya sheria yake, na alitazama chini kwa sababu alikuwa analia na hakutaka uone kabla hujazunguka. Wote wawili tulidhani ulizunguka kwa macho, ukaona mlango ni mdogo, ukaamua hapana.

Nimemwuliza Mama tena, amenisimulia jambo ambalo hakuwa amelisema. Siku zote mtoto wa kubebwa ni mwanasesere wa matambara. Siku ile ulipotoka mbele, Chiriku alimchukua mwanasesere akamtupa nje. Akalala mwenyewe kwenye mkeka, akafumba macho, akawaambia wenzake leo mtoto ni yeye.

Mimi niliporudi na matete yangu wenzake walikuwa wameshakwenda kunywa uji. Nilimkuta peke yake, amelala, ufagio umewekwa vizuri kando ya mlango wa nyuma. Nikamwuliza kama anaumwa. Hakufumbua macho. Akasema, "Anazunguka."

Nampa dereva wa lori barua hii mkononi, ameapa ataifikisha mwenyewe. Kama hujapanda, usipande.


Mbali, 11 Septemba

Mdogo wangu,

Natumaini nyote hamjambo, na magoti ya Mama yamepata nafuu. Huku ni baridi na watu wanatembea upesi. Nyumba ni kubwa, chumba changu kina dirisha.

Barua yako ilinikosa. Dereva aliifikisha kama alivyoapa, aliikabidhi kwa mlinzi wa nyumba tupu. Imenifuata taratibu na imefika jana ikiwa na mihuri mingi.

Mwambie Mama hakukosea. Mwambie nilikuwa na muda wa kuuliza, nilikuwa na mdomo. Mtu akitegemea kufukuzwa, akisikia neno lolote la kwaheri anaamini ndilo.

Mkataba nimeomba uvunjwe. Hawakukasirika, walinionyesha tu nilipotia sahihi.

Uliniuliza zamani mtoto wa hapa ananiitaje, sikukujibu. Ananiita Mama. Sikumfundisha, wala sikumkataza.

Chora mguu wa Chiriku kwenye karatasi unitumie. Mwambie kwamba

Nimeandika mstari hapo nikaukata. Usimwambie kitu. Mchoree mguu tu.

Dada yako


Nyumbani, 3 Desemba

Dada yangu,

Tunakusalimu sote. Mama magoti yamempa likizo na amerudi kuchuchumaa, haambiliki. Mtoto wa mbuzi ana pembe na ananichukia. Seremala ameoa, na bado anauliza habari zako, sasa kwa sauti ndogo. Barua yako ilikaa njiani kama kawaida yake, imetukuta tunamaliza mwaka.

Mguu ni huo ndani ya bahasha. Sikuuchora, aliukanyaga mwenyewe juu ya karatasi, kwa matope bora kabisa ya idara yangu. Utakuwa umekua kabla haujakufikia, kwa hiyo ongeza kidogo. Maharage ya kile kiatu cha kushoto tumeshayala.

Mwezi ujao anaingia darasa la kwanza. Herufi zimemkuta pale pale, kama Mama alivyosema, amezijua kwa wiki chache huku anaongea mambo mengine. Nilikuwa na hofu atanipita akili. Ameshanipita.

Kila mwisho wa mwaka watoto wanaoondoka wanabomoa walichojenga, ili watakaokuja wajenge chao. Ndiyo desturi ya Mama, hakibaki hata kijiti. Wiki iliyopita walibomoa nyumba ya matete. Walipofika mlango wa nyuma Chiriku akausimamia. Hakulia, hakupiga mtu, alisimama tu na mikono ameitanua, na unajua hajawahi kunyamaza muda mrefu namna ile. Watoto wakamtazama Mama. Mama akatazama goti lake. Halafu akasema wakanawe mikono.

Kwa hiyo sasa uwanjani kuna mlango bila nyumba. Miti miwili ya kando na mmoja juu. Wapita njia wanacheka, mwenye duka ameniuliza kama tunajenga kanisa la kunguru. Nikamwambia ni mambo ya kiufundi, hawezi kuelewa.

Jana Chiriku alinijia na nyundo. Anataka ule mti wa juu upandishwe, kwa sababu mlango ulijengwa kwa watoto na mtu mkubwa ataumiza kichwa. Nikamwuliza upandishwe mpaka wapi. Akafikiri. Akaniuliza, "Mama ana urefu gani?"

Mimi najua. Unanifika sikioni, na nimekutania kwa hilo tangu nilipokupita. Nilifungua mdomo nimwambie, nikakumbuka sheria, mkubwa hasahihishi. Nikamwambia anionyeshe mwenyewe. Alipanda kwenye benchi la Mama, akasimama kwa ncha za vidole, akanyoosha mkono mpaka ukatetemeka, akasema, "Hapa."

Nimeupigilia hapo hapo. Hata twiga angepita. Kila asubuhi anapita katikati yake akienda kisimani, na akirudi anapita tena, na sisi wengine tumejikuta tunafanya hivyo hivyo bila kuambiana. Mti wa kushoto umeanza kuliwa na mchwa, nitaubadilisha, na ukiliwa tena nitaubadilisha tena. Kazi hiyo nayo iko kwenye idara yangu.

Ukishuka basi, mwaka wowote utakaoshuka, usibishe hodi mbele. Hutainama. Zunguka tu.

Mdogo wako,
Profesa